Kamera Isiyotazama Mpira

Kiroboto haumi kutoka nyumba ya jirani. Mtu akiwashwa, sharti apekue kwanza upindo wa nguo yake mwenyewe. Mpiga picha mmoja wa gazeti hakulijua hilo. Alishuku kila kitu, hata salamu, na wenzake wakambandika jina la Sidanganyiki.

Mhariri wa michezo alikuwa amekata shauri: kati ya Sidanganyiki na mwenzake Mrefu, atakayeleta picha bora ya fainali ya mpira wa kikapu ndiye atakayekuwa mpiga picha mkuu. Sidanganyiki alikuwa amekitamani cheo hicho tangu ujana. Alipokabidhiwa kamera mpya, inayolenga yenyewe sura za watu, aliijaribu nyumbani wiki nzima. Mkewe alikimbia uani, akajificha nyuma ya shuka zilizoanikwa, akaibuka. Kamera ikamganda usoni kama kupe.

"Jamani, baba watoto, nimechoka kukimbizwa kama mwizi!"

"Mara moja tu, mama. Hapa ndipo penye ugali wetu."

Siku ya fainali, alitoka kidogo kwenye chumba cha waandishi. Aliporudi, alimkuta Mrefu ameishika kamera ile, anatabasamu.

"Kitu kizuri hiki, kaka!"

Sidanganyiki aliipokonya. Tabasamu lile halikumkaa moyoni hata kidogo. "Huyu ana lake jambo," aliwaza.

Mchezo ulianza, na kamera ikawafuata wachezaji bila kukosea. Lakini ilipofika robo ya mwisho, mambo yakamwendea mrama. Kila alipomlenga mchezaji, alama ya kulenga iliruka na kukimbilia kwenye viti vya watazamaji. Akairudisha, ikaruka tena. Jasho likamtoka. Mara nahodha akapaa, akatia kikapu cha ushindi, ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Sidanganyiki alipotazama picha zake, nahodha alikuwa ukungu mtupu.

Alimvamia Mrefu kwenye chumba cha waandishi, mbele ya wote. "Umeichokonoa kamera yangu! Ulinitegea mpaka dakika za mwisho ili nisishtuke! Mwizi wa riziki za watu wewe!"

"Mimi? Niliifuta vumbi tu, kaka. Kioo kilikuwa kichafu."

"Vumbi! Mwambie mwingine hayo!"

Mhariri alifika mbio kuona kulikoni. Nyuma yake aliingia mke wa Sidanganyiki, meno yote nje. Alikuwa amefika robo ya mwisho, akaketi mstari wa mbele ili ashuhudie ushindi wa mumewe. Akachungulia kioo cha nyuma cha kamera, penye picha.

"Ee! Mbona picha zote za mwisho ni mimi?"

Waandishi wakasogea kutazama. Ni yeye kweli: amesimama nyuma ya ukungu wa nahodha, anapiga makofi, hata kope zake zinahesabika. Hapo Sidanganyiki akakumbuka. Siku ya kwanza ya majaribio, kwa mkono wake mwenyewe, aliiamuru kamera iikariri sura ya mkewe na kuifuata kuliko sura nyingine yoyote. Amri hiyo hakuifuta.

"Mkeo ametoka vizuri," mhariri alisema kwa upole uliouma kuliko matusi. "Lakini ukurasa wangu unataka mpira. Mrefu, lete zako."

Sidanganyiki alisogea, uso umemshuka kwa aibu. "Nisamehe, ndugu yangu."

Mrefu alimpa mhariri kamera yake, kisha akageuka. "Nimekusamehe, kaka. Ila mwizi umeniita mbele ya watu."

Sidanganyiki alishikwa mkono na mkewe, wakatoka, kamera ikining'inia shingoni mwake. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.