Kivuli cha Bi Mwantumu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, niwape kisa cha ndugu watatu wa Lushoto. Mwishoni nitawaomba jibu, kwa sababu mimi sinalo.

Mbwana, wa kwanza, kipaji chake kilikuwa kuchagua. Hakununua hata kijiko bila kukipima mkononi. Zubeda, wa pili, alikuwa na ulimi. Aliweza kumwondoa mtu kwenye kiti chake mwenyewe, na mtu akaondoka anacheka. Sufiani, wa mwisho, kipaji chake kilikuwa kutazama, ingawa nyumbani walikiita uvivu. Homa ya utotoni ilimwachia mikono inayotetemeka, basi hakuna aliyempa kitu cha kushika. Na wote watatu walidharauliana sawasawa, kama waliogawiwa dharau kwa kijiko kimoja.

Mama yao, Bi Mwantumu, ndiye aliyewapiga picha. Kwa miaka thelathini, kila mara familia ilipokwenda matembezini, alijitundika shingoni kamera nzito ya marehemu mumewe, akawapanga, akafoka, "Simameni kama watu." Picha zilijaa sanduku la bati, lakini yeye hakuwamo hata katika moja. Alizoea kulipa jua mgongo, kwa hiyo kilichoonekana ni kivuli chake tu, kirefu, kimelala nyasini miguuni pa wanawe. Kamera ile hakuna mwingine aliyeiweza, wala yeye hakumwamini mtu nayo.

Mwaka huu daktari alimwambia kuwa jicho la kulia limekwisha, na la kushoto liko njiani. Akawaita wanawe.

"Sanduku nitalitoa ningali naona," alisema. "Atakayelipata nitamkalisha nimtajie kila sura ni ya nani. Wengi humo wameshakufa, na majina yao ninayo mimi peke yangu."

"Tugawane, mama," Zubeda akasema.

"Mgawane? Kila mmoja achukue alizopendeza, nyingine muwashie jiko? Litakwenda kwa mmoja. Ila bado sijamwona anayestahili."

Wakaazimia kwenda matembezi ya mwisho pamoja naye, kwenye maporomoko ya Soni, na safari hii naye aonekane pichani.

Mbwana alishuka Tanga, akazunguka madukani siku tatu. Kila kamera aliitundika shingoni, akatembea nayo dukani hadi muuzaji mmoja akamuuliza kama anahama.

"Nina mama mwenye shingo mbovu na ndugu wasio na akili," alijibu. "Nataka ambayo mchovu ataibeba na mjinga ataiwasha."

Alirudi na kamera ndogo isiyozidi uzito wa mche mdogo wa sabuni. Ilitafuta uso yenyewe, ikatuliza mtikisiko yenyewe, na ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa.

"Kaka, hii ni kamera au ni sabuni ya kuogea?" Zubeda aliuliza.

Bi Mwantumu aliipima kiganjani, akairudisha. "Haina hata uzito wa kuaminiwa."

Soni akaenda na ile nzito. Walipomaliza kula mihogo, akasimama, akalipa jua mgongo, akaanza kupanga watu kama kawaida. Ile ndogo ilibaki kwenye mkeka bila mwenyewe.

"Sufiani, sogea kushoto," alifoka. "Sufiani. Mtoto huyu ana masikio kweli?"

Watu wakatazama chini. Jicho la mama halikuwa limetajwa mbele ya watu tangu siku ya daktari. Zubeda akamwendea.

"Mama, Sufiani amelala hapa mkekani. Huyo unayemfokea ni mgomba." Akautazama ule mgomba. "Ila sikulaumu. Tofauti yao ni kwamba mgomba unazaa."

Bi Mwantumu aliganda. Mbwana alidhani atapiga mtu, akageuza uso akajifanya anatazama maji. Kisha mama akacheka, akacheka mpaka akaketi juu ya jiwe, mkanda wa kamera nzito ukimtoka shingoni. Zubeda naye alikuwa ameinama, ameshika mbavu.

Sufiani peke yake ndiye aliyekuwa akimtazama mama. Akainuka, akaiokota ile ndogo kwa mikono yote miwili, akabonyeza mara moja. Mama akajifunika mdomo kwa kanga, na siku ile hakucheka tena.

Picha iliposafishwa, Bi Mwantumu aliisogeza hadi karibu na jicho la kushoto, akakaa nayo muda mrefu.

"Kumbe nina mwanya," alisema. Kisha akagusa nyasi zilizokuwa miguuni pake pichani. "Na hiki kivuli?"

"Changu," alisema Sufiani.

Mama akaliweka sanduku katikati yao. "Aliyeifanya picha hii alichukue."

"Bila mimi mngebaki na lile tofali," Mbwana alisema. "Sufiani angelishika lile, tungepata picha ya magoti yake."

"Na sabuni yako ingepiga uso uliokunjamana," Zubeda akajibu. "Kicheko nilikitoa mimi, na nilikitoa nikijua naweza kulaaniwa."

Kisha wote wawili wakamgeukia Sufiani, maana juu yake walikubaliana. "Wewe ulibonyeza kitufe. Hata mbuzi angebonyeza."

"Mbuzi walikuwepo," Sufiani alisema. "Hawakubonyeza."

Nimewafikiria watu hawa siku nyingi, na kinachonisumbua ni kwamba katika dharau ya kila mmoja naona ukweli kidogo. Mama naye hataki kuamua. Anasema aliyepigwa picha hawezi kujua nani ameifanya.

Sanduku bado liko sakafuni, na kila asubuhi jicho la kushoto linaona pungufu ya jana. Nyinyi mliokaa hapa, kabla majina yale hayajabaki bila sura, mngelisukuma kwa nani?