Kifuko cha Nyuma ya Jiko

Kifuko hakifunguliwi kwa wembe. Mmelisikia neno hilo leo, nanyi mnauliza lilikotoka. Methali hii ilianza hivi, huku kwetu Upareni.

Namkunda alifiwa na mumewe. Tangu siku ya maziko, binti yao Nakijwa hakutamka neno. Alishinda nyuma ya jiko, penye magugu yenye utomvu mweupe kama maziwa, akitazama viwavi wenye milia myeusi, myeupe na ya manjano wakitafuna majani.

Asubuhi moja mama yake alimwita kwa nguvu, "Nakijwa!" Mtoto hakugeuka. Lakini viwavi wote walirusha vichwa juu kwa pamoja, kisha wakatulia. Namkunda akaita tena. Vichwa vikaruka tena. Akaona kama jina la mwanawe, pamoja na sauti yake, vimechukuliwa na wadudu.

Baadaye viwavi walining'inia, wakageuka vifuko vya kijani vyenye vitone vya dhahabu. Nakijwa naye akaacha kula. Hapo Namkunda akachukua wembe.

"Wifi, unafanya nini?" akauliza Nashesha, dada wa marehemu.

"Sauti ya mwanangu imo humu. Naitoa."

"Ngoja kwanza."

"Ningoje mpaka nimzike na yeye?"

Akapasua kifuko. Ndani hamkuwa na kiwavi wala bawa. Maji mazito ya kijani, yenye uvuguvugu wa jua, yalimtiririkia vidoleni. Nakijwa alifumbua kinywa kama apigaye ukelele, sauti haikutoka. Akakifunika kifuko kile kwa viganja.

Nashesha akasema taratibu, "Umeona? Wa zamani kaisha, mpya hajawa bado. Ulitaka kumtoa nani?"

Wembe ukamponyoka Namkunda. Tangu hapo hakumwita tena binti yake wala kumsihi. Alimwekea uji, akakaa kando yake kimya. Bakuli lilirudi limejaa, kisha likaanza kurudi nusu.

Vifuko vikawa vyeusi. Namkunda alidhani vyote vimekufa. Kumbe kesho yake vilipasuka vyenyewe, wakatoka vipepeo wa rangi ya chungwa, mbawa zimekunjamana. Nakijwa aliwatazama hadi wa mwisho akaruka. Kisha akasema, kwa sauti nzito ambayo mama yake hakuwahi kuisikia:

"Mama, baba harudi."

Haikuwa sauti ya yule mtoto wa zamani. Namkunda aliogopa, lakini akaitika, akampokea alivyokuja.

Basi wanangu, kifuko hakifunguliwi kwa wembe.