Jembe la Nakijwa

Nani kacheka? Wewe Nanzia, mahindi yangu hayajakushuka tumboni, unasema mzee wa kisa changu, mwenye ardhi yote, hawezi kukosa jembe? Ulikuwepo? Funga mdomo basi. Jana pia nilikusikia ukiwaambia wenzako mimi bibi yako ni "mkulima tu". Sikiliza sasa.

Hapo kale, kale ya babu wa babu yangu, milima hii ilipokuwa ingali mibichi, mteremko wote huu ulikuwa wa mtu mmoja, Mzee Sengondo. Wengine walilima kwake kwa ruhusa. Harusini, yeye kiti cha mbele, wao chini majanini. Pombe, yeye ya kwanza, wao machicha. Akiulizwa hawa ni nani, anasema: "Walimaji tu."

Mila zilikuwa mbili, zishikeni. Hakuna kupanda mpaka mwenye ardhi apige jembe la kwanza. Na ya pili aliiweka Sengondo mwenyewe: ukiazima jembe, kwanza umlimie mwenye jembe tuta zima. Akawalimisha maskini kwa mila hiyo miaka na miaka, mpaka majembe yake yakalika yakawa kama vijiko. Hakununua jingine. La nini? Yeye halimi!

Basi mvua ikanyesha. Watu wakashika mbegu, wakangoja. Sengondo hakutoka. Mvua ikanyesha. Wakangoja. Hakutoka. Wanaume wazima, wamechuchumaa kama kuku wanaoatamia mawe! Na mbegu zenyewe ni za mwisho. Mvua hiyo ikipita, ni njaa.

Mjane mmoja, Nakijwa, akachoka nao. Akabeba jembe lake mpaka mlangoni kwa mzee.

"Baba, mvua inakwisha. Toka upige jembe."

"Mgongo unaniuma."

"Mgongo, au huna jembe?"

Mzee akachungulia nje. Kisha akanong'ona, "Niazime lako."

"Chukua. Tuta langu liko kule chini, karibu na kijito."

"Mimi nikulimie wewe! Unajua unasema na nani?"

"Na mwenye ardhi asiye na jembe. Mila si yangu, baba. Ni yako."

Mnajua alifanya nini, mzee mzima yule? Alitoka na fimbo yake ya heshima, akaichoma ardhini mbele ya watu, eti iwe ndiyo jembe la kwanza. Ikavunjika. Watu wakatazama vidole vya miguu yao wasije wakacheka.

Ndipo akalishika jembe la Nakijwa, akamlimia. Tuta zima, jua la saa sita, viganja malengelenge matupu, na Nakijwa kasimama pembeni: "Zamisha, baba. Hapo umekwangua tu." Alipomaliza akapiga jembe la kwanza kwenye shamba lake, na watu wakapanda siku ile ile. Mtama ukaota.

Mnadhani alibadilika? Wapi! Harusi iliyofuata alikuwa kiti cha mbele, na pombe alianza yeye. Ila alinunua jembe. Na neno "walimaji tu" halikumtoka tena mdomoni.

Haya, funzo mmelipata: kabla hujamdharau anayelima, tazama kwanza umekula nini leo. Kisa changu nimekitua hapo. Asiyekitaka akiruke apite.

Mbona mmekaa tu? Jembe langu lile nyuma ya mlango nalibeba mwenyewe, kama kila siku. Anayetaka kula jioni anifuate shambani. Nyie wengine, kaeni na vicheko vyenu humo ndani. Naufunga mlango.