Mwali Chini ya Tenga

Aliyetusimulia kwanza ni shangazi Mwantumu, mwaka 1974, tukipukuchua mahindi. Alianza hivi.

Hapo zamani, huko Usambara, Bibi Kupaza aliingiwa na ukungu machoni. Akawaita wake wa wanawe watatu. "Kabla sijapofuka," alisema, "nataka kuliona uani kwangu lile ua la rangi ya zambarau la msitu wa kwetu. Atakayelichanuza atachukua ng'ombe wangu, yule mtamba mweusi."

Mtamba huyo, kila mmoja wao alikuwa amekwisha kumpa jina.

Sikudhani, mke wa mwana mkubwa, akaenda. Alitembea siku mbili, akakuta shina moja kwenye jiwe lililoporomokea njiani. Akalifunga kwa ganda la mgomba, akarudi miguu imevimba. Akalipanda juani, kwenye samadi. Likanywea.

Zaituni, wa pili, akacheka. "Dada, hili si boga. Litakufa kwa shibe." Akalihamishia nyuma ya jiko, chini ya migomba, pasipofika jua. Akabeba mawe ya mtoni yenye ukoga wa kijani, safari kumi na tisa. Likatoa majani yenye manyoya laini kama masikio ya paka, ila ua hakuna. Kila asubuhi wawili hao walilimwagia maji, kila mmoja kwa kibuyu chake, mwenzake asije akasema alilinywesha peke yake.

Nuru, wa tatu, kazi yake ilikuwa kuchunga mbuzi. Siku moja akasinzia, mbuzi akala shina lote. Wengine husema mbuzi walikuwa wawili. Alikuwa mmoja. Likabaki jani moja, limeanguka kwenye ufa wa jiwe. Nuru akakifukia kikonyo chake, akalifunika kwa tenga.

"Humo mna nini?" Zaituni aliuliza.

"Mwali."

"Mwali gani?"

"Ua limekua, dada. Kwetu ua la msitu likikua huwekwa ndani. Mwali hachunguliwi, wala haogeshwi na kila mpita njia."

"Kwenu kuna mambo," alisema Sikudhani. Lakini nani angethubutu kumchungulia mwali? Wakaliacha. Nuru akawa analinyunyizia matone machache kila juma kupitia matundu ya tenga, akijifanya anaokota kuni.

Vuli ikapita, masika yakapita, na ukungu wa Bibi ukazidi. Mwisho akasema, "Mwali gani huyu asiyetolewa?" Akaenda kuinua tenga mwenyewe. Nuru, kwa kuogopa kuumbuka, alikuwa amekwisha kufunga nguo zake, anatoka uani kurudi kwao.

Chini ya tenga palikuwa na maua saba. Bibi akapiga magoti, akayasogelea hata pua ikagusa majani. "Nayaona," alisema.

Nuru akageuka, akatua mzigo.

"Mtamba wangu," alisema Sikudhani. "Bila miguu yangu mngekuwa mnatazama samadi."

"Bila mgongo wangu," alisema Zaituni, "miguu yako ingezaa nyasi kavu. Kivuli changu, mawe yangu."

Nuru akaungama yote, mbuzi na uongo. "Lakini shina lenu liko tumboni mwa mbuzi, na kabla ya hapo mlikuwa mnalizamisha. Hili limetoka kwa jani langu."

"Basi apewe mbuzi," alisema Zaituni.

Bibi hakuinua uso. "Mtamba hagawanyiki," alisema, "na mimi macho yangu nayatumia hapa. Amueni wenyewe."

Bibi Kupaza alifariki, kisha Sikudhani, kisha Zaituni. Nuru yu hai, anakaa Soni, na bado anasema mtamba ni wake. Aliyelileta ua, aliyelipa makao, au aliyelipoteza akadanganya likachanua: je, nani alistahili?