Mpira wa Meza wa Boksi la Friji

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime. Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina watoto watatu na wembe mmoja, na imeachwa bila mwisho kwa sababu aliyetakiwa kuimaliza alishindwa.

Wa kwanza ni Sikujua. Huyu alijaliwa jicho: mahali wewe unapoona takataka, yeye anaona gari, nyumba, ndege. Wa pili ni Ngwali, ambaye akishika wembe mstari unanyooka kama umepigwa rula. Wa tatu ni Chausiku, aliyeweza kupika gundi kwa chochote kilichomo jikoni, na jikoni kwao hamkuwa na vingi. Wote walikuwa darasa la saba, wote wa mtaa mmoja nyuma ya soko. Kila Jumamosi walikutana kwenye baraza ya shule na Mashavu, msichana wa chuo aliyerudi nyumbani likizo, wakatengeneza vichezeo vya maboksi.

Mashavu alikuwa na sharti moja tu: kichezeo kichezeke.

"Gari lisilokwenda ni picha," aliwaambia. "Na picha tunazo ukutani."

Siku moja likaja shirika na tangazo. Kutakuwa na maonyesho kituo kwa kituo, na baraza yao ni kituo kimojawapo; atakayetengeneza kichezeo bora atapelekwa shule ya ufundi ya bweni, kila kitu juu yao, mpaka amalize. Mtaani kwao darasa la saba ndilo lilikuwa ukuta. Ng'ambo yake kuna kubeba mizigo sokoni au kulea watoto wa watu.

"Fanyeni kwa vikundi," alisema mtangazaji. "Tunataka kuona ushirikiano."

Basi wakashirikiana. Walitengeneza mpira wa meza, ule wa wachezaji wa vijiti wanaopiga gololi, kwa maboksi ya biskuti, wakaugandisha kwa ugali, kama wafanyavyo watoto wote wa pale. Asubuhi walikuta panya wameshakula magoli yote mawili na timu nzima ya wekundu.

"Wamekula mpaka refa," alisema Ngwali.

Hakuna aliyecheka. Maonyesho yalikuwa kesho yake, na wenye maduka walikwisha kuwapa wakusanyaji taka maboksi yote.

Sikujua akaenda nyumbani, akasimama mbele ya bibi yake. Bibi alilalia boksi la friji, nene, lililokunjuliwa juu ya sakafu ya saruji.

"Bibi, nakuomba kitanda chako."

"Chukua, mjukuu wangu. Ila ukirudi mikono mitupu, wewe ndiye utakuwa godoro."

Usiku ule bibi alilala kwenye saruji. Kikohozi chake cha zamani kikashuka kifuani, na hakikupanda tena.

Ngwali akalipokea boksi, akaligeuza, akatafuta mifereji ya ndani. Ukikata kuifuata, boksi linalegea kama kitambaa; ukiikatiza, linasimama. Alikata wachezaji, akatoboa matundu ya vijiti, akajenga kuta zenye kurudisha gololi. Boksi lilikuwa gumu, wembe ukateleza, ukaingia kwenye kidole cha shahada mpaka kwenye mshipa. Alikifunga kitambaa, akamaliza kazi. Kidole kile hakikunjiki hadi leo.

"Afadhali," aliwaambia wenzake. "Mwalimu akiniuliza swali, kidole kiko juu tayari."

Chausiku alichukua unga wa muhogo uliobaki kwao, ndio chakula cha jioni, akaupika uji mzito na kuukamulia majani ya mwarobaini. Gundi ikawa chungu, panya akiinusa anahama nyumba. Wadogo zake wakalala na chai ya rangi. Mama yake alimchapa, kisha akaketi mlangoni akalia, na kile kilio ndicho kilichomuuma Chausiku kuliko fimbo.

Asubuhi mpira wa meza ulikuwa mzima. Mgeni rasmi, Mama Kisanga wa lile shirika, alikunja mikono ya gauni akacheza na Sikujua. Akafungwa. Akadai mechi ya marudiano. Akafungwa tena, akacheka mpaka akavua miwani.

"Hiki ndicho bora. Nani katengeneza?"

"Sisi," walijibu.

"Sisi si jina, wanangu. Nafasi ni moja."

Mashavu akapita mbele. Chuoni alijulikana kwa mdahalo; hajawahi kushuka jukwaani akiwa ameshindwa.

"Mama, mliwaambia washirikiane. Wameshirikiana. Sasa mnawaadhibu kwa kuwasikiliza?"

"Binti, sikupanga mimi. Mfadhili kasema mtoto mmoja kila kituo."

"Basi watakwenda wote au hatakwenda mtu."

"Hatakwenda mtu," alisema Mama Kisanga taratibu, wala hakuwa na ubaya usoni. "Nafasi itahamia kituo cha mbele. Wewe ndiye unayewajua. Nitajie mmoja."

Mashavu akawageukia watoto.

"Mpe Chausiku," alisema Ngwali. "Kachapwa, na wadogo zake walilala njaa."

"Usinionee huruma, na kidole chako hicho," alisema Chausiku. "Dada, mpe Sikujua. Bibi yake anaumwa."

Sikujua alikuwa akitazama chini.

"Mimi nataka," alisema. "Msinifanye niseme uongo. Nataka kwenda."

Ngwali akasema, kwa sauti ndogo, "Hata mimi nataka, dada." Chausiku alikuwa analia.

Mashavu akatafuta hoja. Bila boksi hakuna kitu. Bila wembe, boksi ni kitanda tu. Bila gundi, ni chakula cha panya. Kila hoja aliyoijenga kwa ajili ya mmoja ilisimama vilevile kwa mwenzake, na hapakuwa na hata moja ya kuiangusha nyingine. Nje dereva akawasha gari.

"Binti," aliita Mama Kisanga.

Je, wewe ungeamua vipi? Usiseme wote, hilo Mashavu alishalisema. Usiseme hakuna, gari litaondoka, na kituo cha mbele hawatajiuliza mara mbili. Taja jina. Na unapolitaja, watazame usoni wale wawili wengine.