Mfalme wa Nyota na Dada wa Cherehani

Bisheni! Nawapa ruhusa, maana najua hamtaamini: kulikuwa na kijana mmoja aliyetawala nyota zote za angani, na shule aliiachia kidato cha pili. Mzee Mwasile, usitikise kichwa hapo kwenye benchi la kanisa, ngoja nimalize.

Kijana huyo alikuwa na kibanda cha gemu. Gemu lake ni lile la anga: unajenga meli, unateka sayari, mchezo mmoja unakula wiki nzima. Na adui zake wote ni kompyuta. Jamani, adui gani wale! Leo unamnyang'anya sayari, kesho anakuomba amani. Kila kukicha anatuma vitisho, "Nitakuangamiza!", halafu meli zake anazileta mojamoja kama mbuzi wanaoingia zizini. Kijana akashinda, akashinda, mpaka akajichorea taji ukutani.

Sasa, mlango wa pili palikuwa na dada, fundi cherehani. Kijana alikuwa na neno lake kwa dada yule. Lile neno. Vijana, acheni kucheka. Kila akiinuka kwenda kulisema, anarudi kukaa: ngoja kwanza niteke sayari moja. Kichwani alishamwambia mara nyingi, na kichwani dada alikubali kila mara.

Siku moja dada akaingia, sindano bado imechomekwa kwenye kola.

"Mfalme, hodi! Nami nataka kucheza."

"Dada, utalia."

"Nikalilie kwenye kompyuta ipi?"

Wakacheza kila jioni baada ya kazi. Mchezo ulipokolea, dada akamwambia, "Nakuja kwa nyuma. Linda nyumbani."

Kijana akacheka mpaka akashika tumbo. Vitisho! Yeye na vitisho wanajuana. Akapeleka meli zake zote mbele.

Dada akaja kwa nyuma. Nyumbani kukatekwa, ufalme kwisha.

"Si nilikwambia?"

"Nilidhani unatisha tu, kama wale."

"Wale hawana la kukwambia. Mimi nilikuwa nalo, nikasema. Wewe je, huna la kuniambia?"

Kijana, bingwa wa nyota, akajibu nini? "Turudie!"

Mnamcheka? Na sisi? Nani hapa hajagombana na mkewe akiwa bafuni peke yake, akashinda? Mama mkwe wa kichwani mwako ana jibu gani ambalo hukumpa wewe? Tunaomba radhi kichwani, tunasamehe kichwani, halafu tunajichorea taji. Mtu halisi atakushinda, ndiyo. Ila ni yeye tu anayeweza kukukumbatia. Mwendeeni leo!

Kuna kipande nilikiruka. Lile neno kijana hajalisema mpaka leo. Na taji bado liko ukutani, kwenye kibanda changu. Ndiyo, changu! Dada mwenyewe yupo kwenye kwaya, safu ya pili, anajifanya anatafuta wimbo kitabuni.

Dada, majibu yako yote ya kichwani mwangu nimeyafuta. Ibada ikiisha nakuja. Tena nakuja kwa mbele.