Gobore Jepesi la Mbonea

Mtu mmoja alikuwa na bunduki nzito na mdogo wake mmoja. Mtu huyo ni Mbonea, mdogo wake ni Kajiru, na bunduki yenyewe ilikuwa gobore la marehemu baba yao, zito kama mtoto wa miaka mitano aliyegoma kutembea. Walikaa kwenye mlima mkali, ambako boga likikuponyoka mlangoni unakwenda kuliokota kwa jirani wa chini.

Huko walikuwa na desturi yao. Mpiga bunduki hapandi na bunduki. Mwenzake huibeba na kutangulia, yeye anafuata mikono mitupu, kwa sababu mkono uliobeba chuma mlima mzima ukifika juu hutetemeka, na mkono unaotetemeka haujawahi kumpata nguruwe. Kwenye mwamba wa mwisho mbebaji humkabidhi bunduki na kubaki hapo, mpiga bunduki anamalizia peke yake. Ikishalia, huita jina la mbebaji wake mara moja, kwa sauti ya kufika bondeni. Watu wakisikia jina wanajua mtu ni mzima, wanachukua kamba na visu, wanapanda. Na shingo ya mnyama ni ya mbebaji, hilo halina mjadala. Hivyo ndivyo Mbonea na Kajiru walivyowinda miaka kumi na mmoja.

Siku moja kulikuwa na arusi. Kajiru alikuwa ameshakunywa pombe ya miwa ya kumtosha yeye na mwingine, akasema mbele za watu, "Huyu kaka yangu mnamsifu bure. Mlima napanda mimi, chuma nabeba mimi, yeye kazi yake ni kukunja kidole."

Watu wakacheka. Mbonea naye akacheka, kicheko cha meno tu. Maneno ya mlevi yangeisha na pombe yake, lakini Mbonea alikuwa amefika ule umri ambao mtu huanza kukumbuka nani alicheka. Mimi simlaumu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kuanza kumsema kila akiinuka, na mtu anayesemwa na magoti yake hapendi kusemwa na mdogo wake pia.

Akalipeleka gobore kwa mhunzi, Mzee Mshana, akamwambia, "Nipunguzie. Nataka bunduki ya mtu mmoja."

Mshana akalipokea. Alikata mtutu shubiri nzima. Uliobaki akaupiga tupa nje mpaka ukabaki na unene wa kutosha tu usipasuke. Kile kitako cha mninga, ambacho baba yao alikipaka mafuta miaka yote, akakitupa pembeni, akachonga kingine cha mti mwepesi, tena akakitoboa ndani kama mzinga wa nyuki. Siku ya sita Mbonea akaja, akaliinua gobore kwa mkono mmoja, akatabasamu peke yake. Hapo Mshana akamletea kopo. Ndani mlikuwa na kile kipande cha mtutu na ungaunga wote wa chuma, ameufagia hadi chembe ya mwisho.

"Chukua na hili," akasema. "Uzito nimeutoa kwenye bunduki. Duniani sijautoa."

Mbonea aliona mzee anazeeka vibaya. Kopo akalitundika jikoni, akalisahau.

Basi mwaka ule, mahindi yakiwa yanaanza kukomaa, dume moja la nguruwe likawa linashuka bondeni kila siku. Kwa mjane Nakunda lilibakisha mistari miwili. Watu wakamtazama Mbonea, kama kawaida yao. Alfajiri akatoka na bunduki begani, akapita mlangoni kwa Kajiru, na alipofika hapo akakohoa ili aonekane. Kajiru alikuwa ananoa jembe. Alipomwona kaka yake na bunduki, akasimama na kuinamisha bega, maana mwili una mazoea yake. Mbonea akapita. Lile bega likabaki limeinama pale mlangoni kwa muda, halafu Kajiru akarudi kwenye jembe lake.

Mlima siku ile ulikuwa laini. Mbonea alipanda bila kupumzika, hata wimbo akauvuta. Dume akalikuta juu kidogo ya mwamba wa mwisho, linachimbua mizizi, limempa ubavu. Akatia baruti kipimo kilekile cha zamani, maana nguruwe hakuwa amepungua. Akalenga, akafyatua.

Sasa sikilizeni. Bunduki nzito humeza teke lake yenyewe. Nyepesi humpa aliyeishika. Gobore liliruka juu kama mbuzi aliyekanyagwa, gololi ikaenda mawinguni, mtulinga wa Mbonea, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, ukavunjika, naye akadondoka nyuma hadi ukingo wa chini, katikati ya miiba, mguu umebanwa na jiwe. Dume likaingia msituni bila haraka.

Huko bondeni watu walisikia mlio. Wakasimama na majembe yao, wakingoja jina. Jina halikuja. Wakaambiana, "Si amekwenda peke yake? Amwite nani?" Walisema kweli kabisa. Wakarudi kulima.

Mbonea alilala pale ukingoni, jua linapanda. Akijitikisa, mawe yanashuka, na baada ya yale mawe hakuna tena mahali pa kushuka. Sauti alikuwa nayo. Jina la kuita lilikuwa moja tu, na alikuwa amelikoholea asubuhi. Mara tatu alifungua mdomo, mara tatu akaufunga. Mara ya nne akaona kofia ya Kajiru inachomoza kwenye miiba, kisha panga, kisha Kajiru mwenyewe, anahema kama mvukuto.

"Sijakuita," Mbonea akasema. Mtu huyo, mfupa nje nje.

"Nimesikia hujaniita," Kajiru akajibu. "Ndiyo maana nimekuja. Haya, shika shingo yangu kwa huo mkono mzima. Na usijisumbue kujifanya mwepesi, kaka, mimi nakujua."

Akaliondoa jiwe mguuni, akamshusha mlima mgongoni.

Mahindi ya bonde yaliliwa, hayo hayakurudi, na Nakunda alikula mihogo hadi mvua nyingine. Bega la Mbonea likaunga upande. Dume lilikuja kupatikana baadaye, kwa gobore lilelile, baada ya Mshana kulitia kitakoni ule ungaunga wa kwenye kopo. Lakini bado ni jepesi, maana shubiri iliyokatwa hairudi. Mtoto wa shule angeweza kulipandisha. Kajiru ndiye hulibeba hadi leo, hutangulia nalo, na shingo hupewa yeye.

Mlima ni nini sitawaeleza, kila mmoja wenu analala chini ya wake. Nawauliza hili tu, ninyi mliojipunguzia kila kitu hadi mkatosha peke yenu: siku bunduki yako italia na jina lisisikike, bondeni kuna nani atakayeacha jembe?